Ndege Mbili Zilizobaki

Kule Kisauni, mwishoni mwa miaka ya tisini, palikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya duka la mafuta ya taa. Ndani mlikuwa na runinga ya Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, mashine ya gemu iliyochomekwa kwenye tundu la antena, na benchi la watu sita ambalo tulilikalia kumi. Shilingi tano ilikununulia ndege tatu. Zikiisha, unapisha mwingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na sikumbuki mtu yeyote aliyeibishia.

Jioni moja aliingia kijana wa kidato cha pili, mmoja wa wale ambao akishika pedi watu hunyamaza. Aliweka Gradius. Akapita milima inayotema mawe, akapita hatua ya pili, akafika kwa wale tuliowaita wazee wa mawe. Kufikia hapo alikuwa na kila kitu: leza, makombora, vivuli viwili vinavyomfuata, ngao. Sisi wadogo tulikuwa tumesimama juu ya benchi. Kisha pete moja ndogo iliyotoka kwenye mdomo wa sanamu ikampata, ngao ilikuwa imeshaisha, na ndege ikalipuka.

Skrini ikawa nyeusi kidogo, halafu akarudishwa nyuma, na ndege yake ikatokea ikiwa mpya, polepole, na risasi moja nyembamba. Alikuwa bado na ndege mbili. Aliitazama ile iliyokuwa kwenye skrini kama sekunde tatu hivi, akaweka pedi chini.

"Si bado una mbili?" mwenye kibanda akamwuliza.

"Shika wewe, dogo," akaniambia mimi, akatoka.

Nimelifikiria tendo lile kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtu amelipa, ana nafasi mbili, na anaziacha mezani kama mabaki ya chai. Wakati ule nilidhani ni madaha. Siku hizi nadhani alikuwa ameielewa Gradius vizuri kuliko wengi walioiandika, na makala haya ni jaribio langu la kusema alikuwa ameona nini.

Tuanze na gemu yenyewe. Gradius ilitengenezwa na Konami ya Japani na ikatoka mwaka 1985 kama mashine kubwa ya kuingiza sarafu, zile zilizokuwa zikiwekwa kwenye kumbi za michezo. Nje ya Japani mashine hiyo iliitwa Nemesis. Mwaka 1986 ikatoka toleo la nyumbani, la mashine ya Nintendo iliyoitwa Famicom kule Japani na NES kule Marekani. Hilo la nyumbani ndilo ninalozungumzia hapa, kwa sababu ndilo lililotufikia.

Mpango wake unaelezeka kwa sentensi moja. Wewe ni chombo kimoja cha angani, kinaitwa Vic Viper, skrini inasogea yenyewe kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kinachotokea upande wa kulia kinataka kukuua. Hupewi nafasi ya kusimama wala kurudi. Konami walikuwa wameshalijaribu wazo la namna hiyo mwaka 1981 kwa gemu iitwayo Scramble, lakini Scramble ilikuwa na mabomu, risasi na mafuta ya kuchunga, basi. Kilichoongezwa na Gradius ni mstari mdogo chini ya skrini wenye vyumba sita.

Mstari huo ndio sababu gemu hii bado inazungumzwa baada ya miaka arubaini. Ukiwaua maadui fulani wanadondosha kidonge. Ukikiokota hupati silaha papo hapo. Unachopata ni taa kusogea chumba kimoja kwenye mstari. Chumba cha kwanza ni mwendo. Cha pili kombora. Cha tatu risasi ya pembeni inayopiga juu. Cha nne leza. Cha tano ni kile ambacho sisi tulikiita kivuli, mpira wa mwanga unaofuata njia uliyopita na kupiga kila unachopiga. Cha sita ni ngao. Taa ikiwa kwenye chumba unachokitaka, unabonyeza kitufe, silaha inakuwa yako, na taa inazimika. Unaanza kuhesabu upya kutoka sifuri.

Yaani mchezaji hapewi zawadi, anapewa akiba. Kila kidonge ni swali: utumie sasa au usubiri? Ukiwa na kimoja unaweza kununua mwendo, na unauhitaji, kwa sababu chombo kinaanza kikitambaa. Lakini ukitumia, safari ya kwenda kwenye kivuli inaanza upya na ni vidonge vitano. Ukisubiri sana ukakosea hesabu, ukaokota kimoja cha ziada baada ya ngao, taa inazunguka na kurudi kwenye mwendo. Na mwendo ukizidi, chombo kinakuwa kama pikipiki isiyo na breki, unajigonga ukutani mwenyewe. Haya yote unayaamua huku unapigwa risasi.

Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kina kipimo. Nimekaa nikapiga hesabu. Mwendo mara mbili, vidonge viwili. Kombora, viwili. Leza, vinne. Kivuli cha kwanza vitano, cha pili vitano. Ngao, sita. Jumla ni vidonge 24. Huo ndio utajiri kamili wa Gradius ya nyumbani, na mtu akiufikia unamwona hata anavyokaa. Mabega yanashuka. Kidole kinabonyeza kwa raha. Leza zake tatu zinafagia skrini na maadui waliokuwa wakimtisha wanakufa kabla hajajua wametoka wapi.

Sisi wa kibandani tulikuwa na taabu ya ziada. Maadui wanaobeba vidonge hutofautishwa na wenzao kwa rangi, wana wekundu fulani. Kwenye Great Wall nyeusi na nyeupe, wekundu ni kijivu kama kijivu kingine. Kwa hiyo tulijifunza kwa mahali: yule wa nne anayetoka chini baada ya mlima mrefu, yeye anacho. Nilipokuja kuicheza kwa rangi nikiwa mtu mzima nilishangaa, kumbe gemu ilikuwa ikituambia muda wote.

Sasa tuje kwenye kifo. Gemu nyingi za kupiga risasi zinakuadhibu ukifa kwa kukupunguzia chombo kimoja. Gradius inakupunguzia chombo, inakunyang'anya vyote vya vidonge 24, na inakurudisha nyuma mpaka mahali palipopangwa. Unaanza ukiwa mtupu. Wapenzi wa gemu hizi wana jina la hali hiyo, wanaiita ugonjwa wa Gradius: ukifa mara moja katika hatua za mbele, umekufa zote, kwa sababu chombo kitupu hakiwezi kupita mahali palipowekwa kwa ajili ya chombo chenye silaha.

Hapo ndipo yule kijana alipoweka pedi chini. Hesabu ya skrini ilisema ana ndege mbili. Yeye alisoma kwamba hana kitu.

Watetezi wa Gradius wana jibu, na si jibu la kijinga. Wanasema adhabu hii ndiyo inayozipa silaha thamani. Kama ungefufuka na leza yako, ungeipenda kwa nini? Woga wa kupoteza ndio unaokufanya ucheze kwa makini. Wanaongeza kwamba kujiokoa ukiwa mtupu ni ufundi wa pekee, kuna watu wanaoweza kuanza hatua ya mwisho bila chochote na wakaimaliza, na kuwatazama ni raha kuliko kumtazama mwenye kila kitu. Nakubali nusu ya kwanza. Jioni ile tusingesimama juu ya benchi kama hapakuwa na cha kupoteza.

Lakini jibu hilo linaruka swali moja: adhabu hii ilitoka wapi? Ilitoka kwenye sarafu. Mashine ya ukumbini haina haja ya wewe kucheza saa nzima kwa sarafu moja. Inahitaji ufe, uamini kwamba kosa ni lako, uingize nyingine. Kumvua mchezaji silaha zote ni njia nzuri ya kuhakikisha kosa moja linazaa matatu. Ukilitazama hivyo, jambo linaloitwa nidhamu ya gemu ni biashara ya mwenye mashine. Silisemi kama tusi, maana watu wanakula kwa kazi hiyo. Ila tusiiite falsafa.

Kisha gemu ikaingia nyumbani, ambako sarafu haipo. Mzazi wa Osaka au wa Chicago amekwisha kununua kaseti, hakuna wa kumdai tena. Konami walipunguza mambo mengi kwa sababu mashine ya nyumbani ilikuwa dhaifu. Vivuli vinne vya ukumbini vikawa viwili. Leza ndefu ikawa vipande vifupi vifupi. Mashine ile ya Nintendo ina uwezo wa kuonyesha vitu 64 vinavyotembea kwa wakati mmoja, na visizidi vinane kwenye mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vingine vinapotea na kurudi kama taa mbovu. Hivyo walikatakata hapa na pale, na walikata kwa akili. Kitu ambacho hawakukikata ni adhabu. Sarafu iliachwa ukumbini, lakini deni likasafirishwa na kaseti.

Kuna mahali pamoja ambapo udhaifu wa mashine uligeuka huruma. Vitu vikijaa sana kwenye skrini, mashine inachoka, na gemu nzima inapunguza mwendo. Risasi zinaelea. Unapata muda wa kufikiri. Hakuna aliyeipanga huruma hiyo, lakini mchezaji yeyote wa zamani atakwambia ameponea hapo mara nyingi.

Ilitufikiaje sisi? Si kwa Nintendo. Gradius ya nyumbani ni ndogo ajabu, kilobaiti 64 tu, programu na picha zote ndani. Picha moja ya WhatsApp inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Udogo huo uliifanya iwe rahisi kuingizwa kwenye zile kaseti za kunakili zilizoandikwa gemu mia, au elfu, au milioni moja kasoro moja, ambazo ukizihesabu vizuri ni gemu chache zilizorudiwa majina. Kaseti hizo zilikuja na mashine za kuiga Famicom, za bei nafuu, zilizouzwa madukani kwetu kama redio na pasi. Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tukicheza kitu cha miaka kumi na kitu iliyopita. Kwetu ilikuwa mpya.

Na hapo kibandani, sarafu ikarudi. Angalia mzunguko huo: gemu iliyobuniwa kula sarafu kule Japani ikapelekwa nyumbani ambako hakuna sarafu, ikanakiliwa, ikavuka bahari, ikatua Kisauni, na mwenye kibanda akaweka mkono wake pale pale palipokuwa na tundu la kuingiza pesa. Alikuwa mtu mwema, alitukopesha. Lakini alijua gemu zipi zina faida. Ile ya mpira aliifungia ratiba ya dakika, maana mnacheza wawili na haina kufa. Gradius hakuihitaji saa. Ilijipima yenyewe.

Sasa nirudi kwenye pedi niliyoachiwa. Niliishika, nikacheza zile ndege mbili za yule kijana, zikaisha kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Jambo ninalolikumbuka ni kwamba sikuhuzunika. Chombo kile kitupu, cha polepole, cha risasi moja, ndicho chombo pekee nilichokuwa nikikijua. Sikuwa nimewahi kufika kwenye leza mbili. Kwangu hakikuwa adhabu, kilikuwa ndege.

Kwa nini basi nilikufa haraka hivyo, wakati kwenye hatua ya kwanza chombo hicho hicho kilinifikisha mbali? Nilichukua miaka kulijibu hili. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali. Katika hatua ya kwanza, maadui wanakuja wachache, kwa mistari iliyonyooka, na vidonge vingi. Kwa wazee wa mawe, pete zinatoka kila upande na hazikuulizi una nini. Gradius inakurudisha kwenye umaskini wa mwanzo, lakini haikurudishi kwenye mwanzo. Hiyo ndiyo dhuluma yake, na ni hiyo yule kijana aliyoiona kwa sekunde tatu.

Mnaweza kuniambia ninaipa gemu ya watoto mzigo usio wake. Ngoja niwape mfano. Mwaka 2000, ukame ulipokuwa umeleta mgao wa stima na kibanda kinafungwa mchana kutwa, mjomba wangu alipunguzwa kazi. Alikuwa karani wa shirika moja kwa miaka 18. Watu walikuja nyumbani, wakanywa chai, wakamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akaitikia, "Ndiyo, ndugu zangu." Akanunua mkokoteni, akaanza kuuza maji. Alikuwa na miaka 47 na alishindana na vijana wa 20 waliozaliwa kwenye kazi ile. Kodi ya nyumba ilibaki ya karani. Karo ya watoto ilibaki ya karani. Alirudishwa kwenye mshahara wa kijana anayeanza maisha, ila maisha yenyewe hayakurudi kuanza pamoja naye.

Methali ile nimekuwa nikiitazama kwa jicho jingine tangu hapo. Koleo likivunjika, mhunzi bado ana moto, ana nyundo, ana fuawe, ana na wateja. Ni kweli uhunzi haujaisha. Lakini mchukue mhunzi, umnyang'anye koleo, nyundo na fuawe, uuzime na moto, kisha umpe kazi ileile kwa tarehe ileile. Halafu mwambie uvumilivu ni ufunguo. Mjomba alivumilia, na alifanikiwa kwa kiasi. Sitaki mtu aseme kwamba mgao ule ulimfunza kitu. Alikuwa ameshajifunza.

Kwa hiyo ninaposoma mapitio yanayoisifu Gradius kwa sababu "inafundisha kuanza upya," nasita. Kinachoisaidia hoja yangu ni kwamba Konami wenyewe walijua njia nyingine. Mwaka 1986, mwaka mmoja tu baada ya Gradius ya ukumbini, walitoa Salamander. Humo mnaweza kucheza wawili pamoja. Ukifa, unafufuka palepale, na vile vivuli vyako vinabaki vikielea kidogo kwenye skrini, ukiwahi unaviokota tena. Gemu haikuwa rahisi kwa hilo. Bado inakuua vizuri tu. Lakini inakubali kwamba mtu akianguka, vitu vyake havitoweki saa ileile, na pengine kuna mwenzake karibu. Ajabu ni kwamba Gradius zilizofuata zikarudi kwenye adhabu ya zamani. Ilibidi tufike Gradius V, mwaka 2004, ndipo jina hilo likakubali kwa kawaida yake mchezaji afufuke alipofia na avifukuzie vivuli vyake. Miaka 19.

Na kuna ushahidi mkubwa zaidi, nao umo ndani ya Gradius ya nyumbani yenyewe. Aliyesimamia kuihamisha kutoka ukumbini kuja kwenye kaseti alikuwa Kazuhisa Hashimoto. Katika kazi hiyo lazima uicheze gemu tena na tena kuona kama kuna kasoro. Hashimoto hakuweza. Alisema wazi baadaye kwamba gemu ilimshinda. Basi akajitengenezea mlango wa nyuma: simamisha gemu, bonyeza vitufe kwa mpangilio fulani, na chombo kinavikwa silaha nyingi kwa mara moja. Alikusudia kuuondoa. Ukasahaulika, kaseti zikatoka nao. Mpangilio huo ukaja kuwa maarufu kupitia Contra, ambako unakupa maisha 30, na leo unajulikana duniani kama kodi ya Konami. Hashimoto alifariki mwaka 2020, na watu ambao hawakuwahi kulisikia jina lake waliagana naye kwa kuandika vile vitufe.

Watu huisimulia hadithi hii kama kichekesho. Mimi naiona kama hukumu. Mtu aliyeijua gemu kuliko sisi sote, aliyekuwa na kila mstari wa programu mezani, alikaa mahali alipokaa yule kijana wa kidato cha pili, akaona alichokiona, akasema: hapana, sianzi hapa na mikono mitupu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na uwezo wa kubadilisha sheria. Wenye gemu walikuja kulifanyia mzaha. Katika Gradius III ya Super Nintendo, ukiingiza vitufe vilevile vya zamani unavikwa silaha, unafurahi, kisha chombo kinajilipua. Nilicheka nilipokisikia mara ya kwanza. Sasa sicheki sana.

Hata hivyo sitaki kuimaliza makala kama hakimu, kwa sababu ninaipenda gemu hii. Muziki wake, uliotungwa na Miki Higashino akiwa bado mwanafunzi, haufanani na vita. Ni kama wa mtu anayeondoka asubuhi na mapema na roho nyepesi. Wazee wa mawe, ambao ni sanamu za kisiwa cha Rapa Nui zilizopandwa angani bila maelezo yoyote, bado wananitisha na kunichekesha kwa pamoja. Na adui wa mwisho ni ubongo mkubwa ambao haupigani. Unafika, umechoka, umetoa jasho, na yeye amekaa tu kwenye kiti chake cha mishipa akikungoja umpige. Halafu gemu inakupongeza na kukurudisha mwanzo, safari hii ikiwa kali zaidi. Ukitaka kicheko cheusi cha Wajapani wa miaka ile, kimo humo.

Mwaka jana rafiki aliniazima Switch yake. Gradius imo katika huduma ya Nintendo ya gemu za zamani tangu 2018, na siku hizi kuna uwezo wa kurudisha muda nyuma: ukifa, unabonyeza, pete inarudi mdomoni mwa sanamu, nawe unachagua njia nyingine. Niliicheza hivyo nikaimaliza kwa jioni moja. Ilikuwa kama kusoma kitabu ukijua kila aya inasemaje. Usiku uliofuata nikaamua kucheza bila kurudisha nyuma. Nilipofika kwa wazee wa mawe nikiwa na vyote 24, nikafa, nikarudishwa mtupu.

Nilicheza hapo kwa saa mbili na zaidi, kila ndege zikiisha nikianza safari upya. Niligundua mambo. Kidonge cha kwanza kikipatikana, kitumie kwa mwendo, usibahili. Kaa nyuma kabisa, kushoto, ambako ukiwa na silaha huwa hukai. Wazee wengine waache, huwezi kuwaua wote kwa risasi moja, wapite kama unavyopita mbwa anayebweka ndani ya uzio. Mara moja, mara moja tu, nilipita hatua nzima hivyo na nikafika kwa bosi nikiwa na mwendo na kombora. Nilipiga kelele peke yangu sebuleni saa nane usiku. Watetezi wako sawa: furaha hiyo ipo, na mwenye leza tatu haijui.

Lakini niliipata kwa kuwa sikulipa kitu. Hakuna aliyekuwa akinisubiri nimpishe. Sikuwa na shilingi tano ya mwisho mfukoni. Nilikuwa na usiku mzima, kochi, na stima isiyokatika. Kuanza upya ni ufundi mzuri kwa mtu mwenye muda wa kuujifunza, na gemu ya ukumbini haikuundwa kukupa muda huo. Wala kibanda. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: Gradius ni gemu kubwa, mstari wake wa vyumba sita ni moja kati ya mawazo bora kabisa katika historia ya gemu, na jinsi inavyomtendea aliyeanguka ni kosa, tangu mwaka wa kwanza. Tunaweza kuyasema yote mawili bila moja kulimeza jingine.

Ukiipata, icheze. Na ukiona imekuzidi, usione haya. Simamisha gemu, kisha bonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Pale kibandani vitufe hivyo vilikuwemo ndani ya kaseti muda wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyevijua, hata mwenye kibanda. Ningevijua, ningemnong'oneza yule kijana kabla hajafika mlangoni.